Dawa za msokoto wa tumbo na utumbo mpana

Misuli ya utumbo mpana hujikaza neva zinapotoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hunata kwenye vipokezi vya seli na kuamsha madini ya kalisiamu yanayoikaza.

Dawa ya hayosini, maarufu kama Buscopan, huvikalia vipokezi hivyo. Ujumbe hutumwa lakini haupokewi, na msokoto hutulia.

Matumizi ya muda mrefu yana gharama. Utumbo huweza kuzubaa, mgonjwa akafunga choo. Navyo vipokezi vilivyozibwa huweza kuongezeka, mwili ukijaribu kuusikia ujumbe upya.

Aidha, dawa hii hunyamazisha maumivu bila kutibu kiini. Anayeona damu chooni au kukonda bila sababu hana budi kumwona daktari, si kuongeza vidonge.