Kura ya Asiyejua Kusoma

Sisi tuliofundisha walimu tulizoea kusema kwamba kisomo ni mlango. Nchini Brazil mlango huo ulitiwa kufuli. Katiba ya 1891 iliwanyima kura wasiojua kusoma na kuandika, na ikawa hivyo hadi 1985. Kwa hiyo Paulo Freire alipowafundisha kusoma watu wazima 300 hivi mjini Angicos mwaka 1963, kwa muda wa saa 40 tu, alikuwa pia akizalisha wapiga kura. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1964 alitiwa ndani, kisha akaishi uhamishoni.

Leo kura huko ni lazima kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 70. Mzee kama mimi halazimishwi, wala asiyejua kusoma. Zamani, karatasi ya kura ya ubunge ilidai mtu aandike jina au namba. Mashine zilizoanza 1996 zina tarakimu kama za simu: unabonyeza namba, picha ya mgombea inatokea, unathibitisha kwa kitufe cha kijani. Lakini kugombea, asiyesoma bado hawezi. Katiba ya 1988 inamkataza. Hapo mimi sikubaliani nayo.