RITA si vyeti vya kuzaliwa tu

Siku za mshahara, simama karibu na mashine ya kutolea fedha mjini Mpanda utazame wanaoingia na kutoka. Mmoja ataingia na kadi yake, atatoka na pesa zake. Mwingine ataingia na kadi tano au sita zilizofungwa pamoja kwa mpira, namba za siri kaziandika kwenye kikaratasi, na hakuna hata kadi moja iliyo yake. Wenye kadi ni walimu, wauguzi na watendaji, waliozisalimisha kwa mkopeshaji siku walipokwama kwa ada ya mtoto au kwa msiba. Wanasubiri pembeni wahesabiwe kinachobaki. Mkopo huu watu wameupa majina wenyewe: mkopo umiza, kausha damu.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Watu walishangilia. Tangu hapo mjadala umekuwa juu ya mkopeshaji: ana leseni, hana leseni, riba yake ni ngapi. Swali la mkopaji halijapata mtu wa kulisemea. Aliyekwisha kuzama, anayedaiwa na watu wanane na mshahara ni mmoja, anatokaje?

Jibu la sheria lipo, na lina umri mkubwa kuliko mji wa Mpanda. Juni 2026 ni miaka 20 tangu RITA ianzishwe. Hapa Katavi tunaijua RITA kwa jambo moja, cheti cha kuzaliwa, au kwa mawili ukiongeza cha kifo. Lakini lisome jina lake refu: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hilo neno la katikati tunalipita kama kibao cha stesheni ambayo treni haisimami.

Ufilisi kwa masikio yetu ni aibu, ni mtu kuuziwa kila kitu. Sheria yenyewe inasema zaidi ya hapo. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ilitungwa 1930 na serikali ya Kiingereza ya Tanganyika, kwa kunakili sheria ya kwao. Ndani yake mdaiwa mwenyewe anaruhusiwa kwenda Mahakama Kuu na kutamka kwamba ameshindwa. Mali yake inawekwa chini ya mpokeaji rasmi, ambaye siku hizi ni Kabidhi Wasii Mkuu aliyeko RITA. Mdaiwa anaandika orodha ya anachomiliki na anachodaiwa, wadai wanaitwa kikao kimoja, naye anaweza kuwawekea mezani mpango: nitawalipa kiasi hiki, kwa muda huu, kwa fungu hili la kipato changu. Wakikubali wengi wao, na wanaokubali wawe wanabeba robo tatu ya thamani ya madeni yote, na mahakama ikaridhika, mpango unawabana wote. Mdai mmoja mkorofi hawezi tena kuja kubeba sofa.

Mbona basi haikutumika huku? Sababu ya kwanza ni kwamba haikutungwa kwa ajili ya watu wa huku. Ilikuwa sheria ya wenye maduka. Mwafrika alikuwa na sheria yake, ile ya kuzuia wenyeji kukopeshwa, iliyoanza miaka ya 1920 na kuandikwa upya 1931. Kwa sheria hiyo, mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha mwenyeji hakuweza kumdai mahakamani mpaka deni liwe limeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Ilisemwa kuwa ni kinga, na kinga kweli ilikuwa. Ila ilimfanya mkulima kuwa mtoto mbele ya sheria: hakopesheki, na asiyekopesheka hana haja ya kufundishwa namna ya kutoka kwenye deni. Duka la kijijini halikuacha kukopesha, liliendelea kwa siri, kwa rehani na kwa daftari ambalo mwenye kuandika alikuwa mmoja tu.

Si kwamba kabla ya hapo huku hapakuwa na madeni. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, ilitembea kwa vitambaa na shanga za mkopo, na nyuma yake walikuwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Deni la mtu lilikuwa la ukoo, na aliyeshindwa aliweza kumweka ndugu yake rehani. Kisha Mjerumani akaja na kodi ya kibanda, na kila nyumba ikahitaji fedha taslimu.

Kuna mahali pamoja katika nchi hii ambapo serikali iliwahi kukaa chini na kupanga madeni ya watu kwa maelfu, nako ni Unguja na Pemba. Kisa hiki nakisimulia kwa kirefu kwa sababu sijasikia kikisimuliwa bara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka. Wenye mashamba, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa kuweka mikarafuu rehani, na sasa mavuno hayakutosha hata riba. Serikali ya Mwingereza iliagiza uchunguzi, wachunguzi wakarudi na picha ya mashamba yanayoteleza kutoka mikononi mwa wenyewe. Juni 1934, chini ya Balozi Mkazi Sir Richard Rankine, zikatolewa dikrii, yaani sheria, kwa mkupuo. Moja ilizuia shamba la Mwarabu au Mwafrika lisihamie kwa mtu wa jamii nyingine bila kibali cha Balozi Mkazi. Nyingine ilisimamisha madai: kwa mwaka mzima hakuna mahakama kumuuzia mdaiwa shamba. Mwaka ukaisha, ukaongezwa, ukaongezwa tena.

Wahindi walikuja juu. Walisema wanaadhibiwa kwa rangi yao, na kwamba deni ni deni, nani aliyewalazimisha watu kukopa? Serikali ya India ilimtuma ofisa wake, K.P.S. Menon, aje aone, naye akaandika kuwa dikrii hizo zinawaumiza Wahindi. Nikiisoma hoja yao leo naona walikuwa na nusu ya haki. Kumkinga mdaiwa kwa kumpiga kofi mdai, bila kumwambia lini atalipwa na nani, ni kuahirisha ugomvi.

Na ugomvi ulikuja. 1937 serikali ilikikabidhi Chama cha Wakulima wa Karafuu ukiritimba wa kununua zao lote. Wafanyabiashara wa Kihindi Unguja wakagoma. Kule India chama cha Congress, na Sardar Vallabhbhai Patel akiwa mstari wa mbele, kikawataka watu wasinunue karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa. Wafikirie wakulima wa Pemba wanaambiwa kwamba magunia yao hayatanunuliwa Bombay kwa sababu ya dikrii ambayo wengi wao hawakuwahi kuisoma. Mgomo ulidumu mpaka Mei 1938, pande mbili zilipokubaliana kugawana biashara.

Hapo ndipo jambo la maana lilipofanyika, na ndilo linalosahauliwa kwa sababu halikuwa na kelele. Mwaka huohuo wa 1938 ilitungwa dikrii ya kusuluhisha madeni ya mashamba. Deni lilipitiwa moja moja, likapimwa lililo halali, serikali ikamlipa mdai, na mdaiwa akabaki anailipa serikali kidogo kidogo huku shamba likiwa bado lake. Mdai alipata chake, mdaiwa akapata muda. Miaka minne ya dikrii na mgomo haikufikia kilichofikiwa na meza moja ya hesabu.

Mpanda haikupata meza hiyo. Mji wenyewe ulikua na mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals, na reli ya kutoka Kaliua ikafika 1950. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na baadaye tumbaku ikachukua nafasi. Wakimbizi wa Burundi waliofika Katumba kuanzia 1972 na Mishamo miaka michache baadaye waliilima kwa jasho. Vyama vikuu vya ushirika vikafutwa 1976, vikarudi miaka ya 1980. Mkoa wa Katavi ukazaliwa 2012. Katika yote hayo mkulima wa tumbaku amekuwa akipewa mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, bei ikitajwa kwa dola, na tumbaku ikiuzwa benki inakata kwanza. Aliyevuna vizuri amejikuta mara nyingi akikatwa kwa ajili ya jirani aliyevuna vibaya au aliyehama usiku. Huo nao ni mpango wa malipo, ila wa namna ambayo mdaiwa haulizwi.

Mtumishi wa umma, kwa maandishi, ana kinga kidogo: sheria ya 1970 inataka makato yamwachie angalau theluthi moja ya mshahara. Ndiyo maana mkopeshaji wa mtaani hataki makato ya mwajiri, anataka kadi. Theluthi inaingia benki salama, kisha inatolewa na mwenye kadi sita.

Na mahakama za kawaida? Wengi wanaziogopa kuliko kausha damu, na hofu hiyo imewagharimu. Ni kweli sheria ya mwenendo wa madai ya 1966 ina kifungo cha mdaiwa, kisichozidi miezi sita. Lakini posho ya chakula cha mfungwa wa madai analipa anayemdai, na asipoilipa mfungwa anaachiwa. Wala kifungo hakifuti deni, kwa hiyo mdai mwenye akili hufikiri mara mbili kabla ya kulisha mtu asiyemlipa. Sheria hiyohiyo imeorodhesha visivyokamatwa: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi, jembe na mbegu za mkulima, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, kama hakuiweka rehani mwenyewe. Godoro ambalo dalali wa mahakama haruhusiwi kuligusa, mkusanyaji wa kausha damu analifunga kwenye bodaboda asubuhi kweupe, na majirani wanaangalia.

Sababu ya pili ya sheria ya ufilisi kutotumika huku ni umbali: kufilisika kirasmi kwa mtu wa Mpanda kumekuwa safari. Kwa miaka mingi mashauri ya Mahakama Kuu kutoka Katavi yamekwenda Kanda ya Sumbawanga, barabara ikikatiza Hifadhi ya Katavi, na mtu anayedaiwa laki nane hawezi kutumia laki tatu kuomba nafuu. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imewagawa wakopeshaji katika madaraja manne, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na maofisa wanazunguka kutoa elimu ya fedha. Elimu hiyo inafundisha kukopa kwa akili. RITA, yenye dhamana ya ufilisi, nayo inastahili kiti kwenye mikutano hiyo, hata kama ni kwa nusu saa baada ya vyeti vya watoto.

Kwa deni la kawaida, mlango ulio karibu ni Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya, ambazo zina uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Ukipata wito, usizime simu wala usihamie Mishamo. Kusanya risiti, ujumbe wa simu na karatasi ya mshahara, uende siku hiyohiyo uliyopangiwa, ukaombe awamu kabla hukumu haijaandikwa. Katika Mahakama ya Wilaya, hukumu ikishatoka, awamu zinahitaji ridhaa ya anayekudai.