Waliorusha salio waliiona kesho

Ukitaka kujua intaneti itafikaje Mungaa, wilayani Ikungi, miaka kumi ijayo, usianze na hotuba za wanaouza vifaa. Anza na misafara ya pembe za ndovu.

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, kusini mwa nchi ya Wanyaturu wa Singida. Waya wa simu wa Wajerumani ulishika uelekeo huohuo, na reli pia: Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Singida ikabaki kando. Nyaya za baharini zilipotua Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, mkongo wa taifa ulielekea bara kwa kufuata njia zilizokwishafunguliwa, yaani barabara kuu, reli na nguzo za TANESCO. Vijiji vya Ikungi vilivyo mbali na lami vikasubiri mnara. Mei 2023 serikali ilishuhudia kusainiwa kwa mikataba ya minara 758 ya vijijini nchi nzima. Hesabu hiyo yenyewe inaonyesha waya uliishia wapi. Anayetabiri kwamba nyuzi za mkongo zitaingia kila nyumba Mungaa hajasoma ramani. Mtandao utakuja kwa hewa, kama simu ya mkononi ilivyoiruka ya mezani.

Ramani hata hivyo hutaja njia tu, haisemi watu watafanya nini. Hilo huonekana pale wanapobanwa na gharama.

Dakika zilipokuwa ghali, watu walibipu. Mlio mmoja, nimefika, miwili, nipigie. Kampuni zikaja baadaye na ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, kana kwamba ni ugunduzi wao. Kisha kijana aliyeko mjini akawa ananunua vocha, anaikwangua na kumsomea mjomba namba zake. Mjomba anaiuza kwa jirani na kupata hela ya chumvi. Huo ulikuwa utumaji wa fedha kabla ya M-Pesa kuzaliwa. Nchini Kenya wabunifu wa M-Pesa waliijaribu 2005 kwa ajili ya marejesho ya mikopo midogo, wakakuta watu wanatumiana hela tu. Huduma ikazinduliwa huko Machi 2007, na Tanzania Aprili 2008. Aliyewatazama warusha salio hakuhitaji mganga wa kumpigia ramli.

Sasa wa kutazamwa ni wanaotuma ujumbe wa sauti. Bibi asiyependa kuandika hubonyeza kitufe na kuongea Kinyaturu mpaka amalize. Hakuna herufi, hakuna kamusi. Utabiri wangu ni kwamba huduma itakayompa mkulima bei ya alizeti ataiuliza kwa mdomo, na itakayomlazimisha kuchapa itamkosa.

Na simu ya vitufe? Wengi wameshaizika. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ikadorora katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Menyu ya M-Pesa, *150*00#, haipiti huko. Hutumia mtandao wa simu wa hapa nchini. Maadamu nyaya hizo zinapita baharini zitakatika tena, na wakala wa kijijini ataendelea kuweka kiswaswadu kimoja mezani, chenye chaji.