Nani Alipe Gharama ya Udongo? Habari za Ukulima wa Buha

Leo tutazungumza habari za nchi ya Buha, yaani pande za Kibondo na Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma. Nataka tutazame jambo moja tu: udongo ukitaka kutunzwa, ni nani achukuaye mzigo wa kuutunza? Je, ni mkulima peke yake, ama Serikali nayo hushika upande mmoja wa mzigo?

Zamani nchi ya Waha ilikuwa na tawala kadha wa kadha. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, na Muhambwe upande wa Kibondo. Mwami alitawala watu, lakini katika mambo ya ardhi palikuwa na mzee aitwaye mteko. Yeye ndiye aliyemwonyesha mtu mahali pa kulima, na ndiye aliyefanya matambiko ya nchi.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki, ukaua ng'ombe wengi mno. Kisha vikaja vita vya 1914 hata 1918. Ng'ombe na watu walipopungua, vichaka viliota palipokuwa malisho na mashamba. Mbung'o hupenda vichaka. Basi akasogea karibu na watu, na pamoja naye ukaja ugonjwa wa malale.

Ndipo katika miaka ya 1930 Serikali ya Kiingereza ilipowahamisha watu wengi wa pande za Kibondo, waliokuwa wakikaa mbalimbali, ikawakusanya katika makazi makubwa. Shauri lake lilikuwa hili: watu wengi wakikaa pamoja na kulima, pori hufyekwa, na mbung'o akikosa kivuli hawezi kuishi. Kwa upande wa tiba shauri hilo lilikuwa na maana yake. Lakini mkulima aliacha nyuma shamba alilolijua na miti aliyoipanda, na nchi aliyoiacha ikazidi kuwa pori. Tena vijana wengi walikuwa wamekwenda mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na kazi ya jembe ikawaelemea wanawake.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana miaka ile ile jambo kubwa lilitokea Marekani. Ukame na ukulima usio na uangalifu viliacha ardhi wazi, na upepo ukapeperusha udongo hata jua likafichwa na vumbi. Mwaka 1935 Serikali ya huko iliweka idara ya kuhifadhi udongo, mkuu wake akiwa Bwana Hugh Bennett. Mwaka 1936 ikatungwa sheria ya kuwalipa fedha wakulima waliopanda mimea ya kushika udongo. Waliona ya kuwa mkulima akipumzisha shamba hupata hasara mwaka huo, hali faida ni ya nchi nzima; kwa hiyo nchi nzima na imsaidie.

Habari za vumbi lile ziliwatia hofu Waingereza waliotawala Afrika. Hofu waliipokea, lakini desturi ya kumlipa mkulima hawakuipokea. Hapa Tanganyika mara nyingi zilitumika amri na faini. Tazama milima ya Uluguru. Mpango wa kuhifadhi udongo ulianza huko mwaka 1950, na watu wakashurutishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea, na amri ile ikaachwa. Waluguru hawakuuchukia udongo wao. Waliuchukia mzigo waliotwikwa bila kuulizwa.

Baada ya uhuru wa 1961, Serikali yetu wenyewe ilitaka kuwaletea wananchi shule, maji na zahanati. Mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa vijijini. Wengi walipata shule na matibabu. Lakini kwa mara ya pili katika miaka kama 40, familia nyingine za Buha ziliacha mahame nyuma yao. Waswahili husema: mwenye kovu usidhani amepoa. Mtu ambaye babu yake alihamishwa, na baba yake akahamishwa, atapandaje mti utakaokomaa baada ya miaka 20?

Mwaka 1993 vita vya Burundi vilileta wakimbizi wengi Kibondo na Kasulu, na baadaye wakaja wengine kutoka Kongo. Kuwapokea ilikuwa utu. Walakini kila chungu kilitaka kuni, na miti iliyokatwa ilikuwa ya misitu ya Buha. Basi gharama nyingine ya dunia ikaiangukia ardhi ya mkulima.

Msaada nao umekuja. Mwaka 2008 Serikali ilianza kutoa vocha za mbolea na mbegu bora: yenyewe ililipa nusu ya bei, na mkulima akalipa nusu. Mwaka 2022 ikatoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliojiandikisha. Mambo hayo ni mema, maana huo ndio mwanzo wa kushika mzigo wawili wawili. Lakini mbolea husaidia mazao ya msimu. Mwenye kupanda miti mlimani, au kupumzisha shamba ili chemchemi isikauke, naye anafanya kazi ya wote.

Iko hazina nyingine isiyo fedha, nayo ni amani ya moyo kwamba shamba hutanyang'anywa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 humwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenye hati hupanda mti kwa ajili ya mjukuu wake.

Enyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu: mahame yetu yako wapi, na nani aliyeyalima? Mkisha kusikia, mtafahamu ya kuwa udongo hautunzwi kwa amri tupu. Hutunzwa na mtu aliye na hakika ya kuvuna, na ambaye jirani zake na Serikali yake wamemsaidia jembe.