Sauti Nyembamba na Sauti ya Juu: Lugha ya Mafunzo ya Mwanga na Sauti katika Shule za Msingi za Tanzania

Miongoni mwa masomo ya sayansi wanayofundishwa watoto wadogo, ni machache yaliyo karibu nao kama somo la mwanga na somo la sauti, na ni machache pia yaliyoitaabisha lugha kiasi hicho. Mtoto huja shuleni akiwa amekwisha kucheza na kivuli chake, amekwisha kuita bondeni akajibiwa na mwangwi, na amekwisha kuwaona wapiga ngoma wakizipasha ngoma zao moto kabla mchezo haujaanza. Maarifa hayo anayo, na maneno yake anayo. Swali ambalo historia ya elimu nchini Tanzania imelijibu kwa namna mbalimbali ni kama maneno hayo yataingia naye darasani au yatabaki mlangoni.

Zamani za utawala wa Waingereza swali hilo halikuulizwa sana. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, na waraka wa siasa ya elimu uliotolewa London mwaka 1925, vilihimiza elimu ifungamane na maisha ya wenyeji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi yake ya kusanifisha tahajia na kukagua vitabu vya shule. Lakini sayansi iliyosomwa kwa Kiswahili katika madarasa ya chini ilikuwa hasa habari za mimea, wanyama, usafi na kilimo. Mwanga na sauti, vilipofundishwa, kwa kawaida vilingojea madarasa ya juu, ambako Kiingereza kilikuwa kimekwisha kushika nafasi. Kwa hiyo hapakuwa na haja kubwa ya kuamua mtetemo wa uzi wa zeze uelezwe kwa maneno gani.

Haja hiyo ilikuja ghafla mwaka 1967. Baada ya kutolewa kwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, tangu darasa la kwanza hadi la saba, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwalimu aliyejifunza habari za sauti kwa Kiingereza alitakiwa kuzieleza kwa Kiswahili, na mara nyingi alizifasiri kichwani mwake huku akiwa amesimama mbele ya watoto.

Hapo ndipo matatizo yalipojitokeza. Neno "sauti", lenye asili ya Kiarabu, katika mazungumzo ya kawaida hutumika hasa kwa kiumbe: sauti ya mtu, sauti ya ndege. Jiwe likianguka huleta kishindo. Kengele ina mlio. Bahari ina mvumo. Mawingu yana ngurumo. Mizinga ya mbali ina mtutumo. Majani makavu yana mchakacho. Kumwambia mtoto kwamba hayo yote ni sauti ni kumpa wazo jipya, na linastahili kufundishwa kwa makusudi, kwa kuwa ndilo fundisho la kwanza la sayansi yenyewe: kwamba vitu vilivyo mbalimbali katika lugha vina chanzo kimoja, nacho ni mtetemo. Maelezo yasemayo kwamba sauti ni kitu kinachosikika hayasaidii. Mswahili husikia baridi, husikia njaa, husikia na harufu ya samaki.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kueleza tofauti za sauti. Kiingereza huipa sauti ya kitu kinachotetemeka upesi sifa ya kuwa "juu", na ya kitu kinachotetemeka polepole sifa ya kuwa "chini". Mfasiri anayefuata neno kwa neno hupata "sauti ya juu". Lakini katika Kiswahili anayesema kwa sauti ya juu ni yule aliyepaza sauti, na anayesema kwa sauti ya chini hutaka asisikiwe na jirani. Mtoto akiambiwa kwamba uzi mfupi hutoa sauti ya juu, huelewa kwamba uzi mfupi hupiga kelele zaidi. Akiujaribu huona si hivyo, na hujifunza kwamba yanayosemwa na kitabu na yanayosikiwa na sikio ni mambo mawili. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kutojua somo lenyewe.

Na dawa ilikuwapo tangu zamani. Wasemaji wa Kiswahili hutofautisha sauti nyembamba na sauti nene, wala hawachanganyi wembamba na ukubwa: mtoto mchanga huweza kulia kwa sauti nyembamba na kubwa mno. Ngoma ipashwapo moto, ngozi hukauka na kukaza, hutetemeka upesi zaidi, na mlio wake huwa mwembamba. Mtu akitia punje chache za mchele juu ya ngozi hiyo, kisha akaipiga, punje huruka, na mtetemo huonekana kwa macho. Hapa pana somo zima la sauti, na halihitaji chombo hata kimoja kutoka ng'ambo.

Mpango wa sayansi ya shule za msingi za Afrika, ulioendeshwa katika miaka ya 1960 pamoja na wataalamu wa Newton, Massachusetts, ulisisitiza jambo la namna hii: kwamba mtoto ashike vitu kwanza, na maelezo yafuate. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Hata hivyo, mtoto aliyeshika vitu hatimaye husema, na lazima awe na neno la kusema.

Kwa upande wa mwanga mambo yalikuwa mepesi kidogo, ingawa hayakukosa mitego. "Nuru" imezoea mno lugha ya dini, na "mwanga" likapendelewa. Lakini mwanga ni pia mchawi atembeaye usiku. Upatanisho wa sarufi huwatenganisha wawili hao, isipokuwa katika sentensi zenye kiambishi hu-, kisichoonyesha ngeli, na vitabu vya sayansi hupenda sana sentensi hizo. "Mwanga huenda kwa mstari ulionyooka" ni sentensi inayoweza kulichekesha darasa zima. Kioo nacho hupitisha mwanga kikiwa cha dirisha, na huurudisha kikiwa cha kujitazamia. Mwalimu asiyebainisha aina ya kioo hujikuta akifundisha mambo mawili yanayopingana.

Katika rangi za upinde wa mvua, vivumishi vya rangi vyenye asili ya Kibantu ni vitatu tu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa majina ya vitu: majani, manjano, chungwa, zambarau, nili. Wapo walioona huo kuwa umaskini wa lugha. Inafaa kukumbuka kwamba Isaac Newton mwenyewe kwanza alizitaja rangi kuu tano, kisha akaongeza mbili ili zipate kuwa saba, zilingane na ngazi ya muziki. Mtoto anayehesabu sita hana haja ya kupigwa.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote kuanzia mwaka 1977, na madarasa yakajaa, mengi yakifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba na kupata mafunzo wakiwa kazini. Istilahi zilikusanywa polepole. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990, miaka 23 baada ya haja yake kuanza. Mapema zaidi, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kwamba Kiswahili kifundishie pia katika shule za sekondari, kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali aliyeelewa sauti nyembamba ya ngoma iliyopashwa moto huingia kidato cha kwanza na kukutana na sauti iliyo "juu" kwa Kiingereza, na aghalabu hakuna amwambiaye kwamba ni ile ile.