Uraia na Ardhi katika Masisi na Walikale, 1937–2004

Suala la kutambuliwa huzungumzwa zaidi kuhusu madola. Palestina, kwa mfano, ilitangaza dola yake mjini Algiers tarehe 15 Novemba 1988, na nchi nyingi zikaitambua. Hata hivyo, mwezi Aprili 2024 kura ya turufu ya Marekani iliizuia kupata uanachama kamili wa Umoja wa Mataifa. Makala haya yanahusu suala lililo jirani na hilo, yaani kutambuliwa kwa jamii ya watu ndani ya dola. Hoja yake ni kwamba katika Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, kikwazo hakikuwa uhaba wa sheria. Kikwazo kilikuwa kwamba aliyekubaliwa kuwa raia alipata pia haki ya kudai ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe.

Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwahamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, ikawapeleka Masisi ili wapatikane wafanyakazi wa mashamba ya walowezi. Katika nchi ya Wahunde ulianzishwa utawala wa jadi wa Wanyarwanda huko Gishari, kisha ukavunjwa mwaka 1957. Tangu hapo wahamiaji walikuwa na mashamba bila mwami wao wenyewe. Wahunde nao waliona kwamba nchi yao ilikuwa imegawiwa na mgeni asiyekuwa na mamlaka ya kuigawa.

Baada ya uhuru, sheria ilipinduliwa mara mbili. Ile ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1973 ardhi yote ikafanywa mali ya dola, na wenye uraia na marafiki Kinshasa wakajipatia mashamba makubwa ya mifugo Masisi. Ndipo sheria ya mwaka 1981 ilipofuta ile ya kwanza, ikadai mtu athibitishe kwamba wazee wake walikuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ni mkulima gani angeweza kuleta ushahidi wa namna hiyo?

Mfumo wa vyama vingi ulipokaribia, kura iliongeza uzito wa swali hilo. Mwezi Machi 1993 wapiganaji wa Kihunde na Kinyanga waliwashambulia Wanyarwanda katika soko la Ntoto, Walikale. Mapigano yakaenea Masisi, Wanyarwanda nao wakalipiza kisasi. Maelfu waliuawa, na watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 wakayahama makwao.

Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 iliweka kipimo kipya: ni Mkongomani wa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi wakati wa uhuru. Kipimo hicho ni cha haki zaidi kuliko cha 1981, lakini hakikusema shamba la Masisi ni la nani, wala mpangaji amwendee mwami yupi.

Hapa ndipo historia ya Masisi inapokutana na ile ya Palestina. Anayekutambua kutoka mbali hakupi ardhi iliyo mikononi mwa jirani yako. Hivyo hapana budi mizozo ya mashamba isuluhishwe sambamba na uraia, Mhunde na Mnyanga wakisikilizwa kama anavyosikilizwa Mnyarwanda. Pasipo hayo, sheria itabaki karatasi ambayo serikali ifuatayo yaweza kuichana.