Karatasi

Karatasi ni tabaka jembamba la nyuzi za mimea zilizopondwa, kuchanganywa na maji, kisha kuchujwa na kukaushwa. Ilivumbuliwa China, na vipande vya kale vilivyopatikana Fangmatan, Gansu, ni vya karne ya 2 KK. Mwaka 105 BK Cai Lun, ofisa wa ikulu ya nasaba ya Han, aliwasilisha kwa kaisari njia bora ya kuitengeneza kwa magome ya miti, nyuzi za mmea wa bangi, matambara na nyavu kuukuu za uvuvi. Rojo la vitu hivyo lilichotwa kwa chekecheo, maji yakachuruzika, utando ukabaki juu. Kabla ya karatasi Wachina waliandika kwenye vipande vya mianzi, vizito mno kubeba, au hariri, iliyokuwa ghali. Ufundi wa kutengeneza karatasi ulifika Samarkand karne ya 8, kisha Baghdad na Ulaya. Viwanda vya leo hutumia zaidi nyuzi za mbao, kwa kanuni ileile.